Mwenye Duka Asiyeonekana

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Siku hizi mtu akitaka viatu si lazima afunge safari ya kwenda sokoni. Anafungua simu, anaona picha, anauliza bei, anapewa namba ya kutumia fedha. Hapo ndipo moyo unapoanza kudunda. Nitume kwanza, au mzigo uje kwanza? Huyu nisiyemjua, ambaye hata jina analotumia huenda si lake, ataleta kweli? Na akileta, vitakuwa viatu vile vya kwenye picha au vingine vya kunifanya nichekwe? Nadhani kila mmoja wetu anamjua mtu aliyetuma fedha, kisha ile namba ikawa haipatikani tena mpaka leo.

Watu hulichukulia jambo hili kuwa ni la zama hizi za simu. Mimi sikubali. Simu ni mpya, lakini hofu yenyewe ni kongwe. Kuna mtu aliikuta hofu hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, akatafuta namna ya kuiondoa, na kwa namna hiyo akatajirika. Ndiye ninayetaka kumzungumzia leo. Jina lake ni Aaron Montgomery Ward, Mmarekani, mfanyabiashara wa mji wa Chicago.

Niseme mapema kwamba hakuwa wa kwanza kabisa kuuza vitu kwa posta. Kule Wales, katika mji wa Newtown, bwana mmoja aitwaye Pryce Pryce-Jones alianza mwaka 1861 kuwapelekea watu flaneli kwa posta na kwa treni, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo Malkia Victoria mwenyewe. Lakini Pryce-Jones alikuwa hasa mtu wa vitambaa. Ward aliwaza kumwuzia mkulima kila kitu, kuanzia sindano hadi jembe la kukokotwa na farasi, bila ya muuzaji na mnunuzi kuonana hata siku moja.

Alizaliwa Chatham, katika jimbo la New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1840. Angali mdogo familia yake ikahamia Niles, Michigan. Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mbao za mapipa, kwa ujira wa senti 25 kwa siku. Kutoka hapo akaenda kupanga matofali kwenye tanuri, senti 30 kwa siku. Baadaye akapata kazi katika mji mdogo wa St. Joseph, kwanza kwenye duka la viatu, kisha kwenye duka la bidhaa mchanganyiko, na humo akapanda mpaka akawa msimamizi mwenye mshahara wa dola 100 kwa mwezi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa fedha ya kuheshimiwa. Mtu mwingine angetulia pale pale, akaoa, akajenga.

Yeye mwaka 1865 alikwenda Chicago. Akaajiriwa katika duka kubwa la Field, Palmer & Leiter, ambalo mmoja wa wenyewe alikuwa Marshall Field. Liwekeni akilini jina hilo la Field, maana tutakutana nalo tena mbele. Baada ya miaka miwili hivi akaacha kazi ya dukani akawa mtu wa kutembea vijijini kwa niaba ya makampuni ya jumla, akiwauzia wenye maduka. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipopata elimu yake ya kweli.

Hebu fikirini Marekani ya wakati ule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865. Sheria ya mwaka 1862 ilikuwa imewapa watu mashamba makubwa ya bure katika nchi za magharibi, maelfu kwa maelfu wakahamia huko, wakatawanyika nyikani. Jirani yuko mbali, mji uko mbali zaidi, na katika mji huo duka ni moja. Mwenye duka huyo ndiye anayekukopesha mbegu, sukari na kitambaa, na kuandika kwenye daftari lake. Bidhaa haina bei iliyoandikwa. Bei iko kichwani mwake, na hupanda au kushuka kulingana na nani ameingia. Mkulima akivuna, ngano yake inanunuliwa kwa bei iliyopangwa na wafanyabiashara wa mbali, inasafirishwa kwa nauli iliyopangwa na wenye reli, na fedha kidogo inayobaki inakwenda kulipa deni ambalo hakuwahi kuliona likijumlishwa. Wakulima wetu wa pamba na kahawa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ward alipita katika maduka hayo, akakaa na wanunuzi kando ya jiko la kuni, akasikia malalamiko yao. Lakini malalamiko kila mtu aliyasikia. Tofauti ya Ward ilikuwa moja: yeye aliijua bei ya jumla, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwuzia yule mwenye duka, na hapo hapo aliiona bei anayotozwa mkulima. Wanunuzi waliijua bei moja tu. Kati ya bei hizo mbili kulikuwa na pengo, na katika pengo hilo ndimo walimoishi watu wa kati wote, wa halali na wa ulanguzi.

Akajiwa na wazo. Kama mtu angenunua bidhaa nyingi kwa fedha taslimu moja kwa moja kutoka viwandani, akaziweka Chicago ambako reli zote hukutana, akawatumia wakulima karatasi yenye bei zilizoandikwa, nao wakaagiza kwa barua na kuchukua mizigo yao kwenye stesheni ya karibu, basi asingehitaji duka la mbele, wala kioo cha kuonyeshea vitu, wala kukopesha. Akiba hiyo ingemfikia mnunuzi.

Aliowaeleza walimwona punguani. Nani atampa fedha zake mtu asiyemwona, kwa kitu ambacho hajakishika? Hata hivyo akaanza kukusanya bidhaa kidogo kidogo kutoka katika akiba yake. Kisha Oktoba 1871 ukaja ule moto mkubwa wa Chicago, uliowaua watu wapatao 300 na kuwaacha karibu 100,000 bila makazi. Bidhaa za Ward nazo zikawa majivu.

Alianza upya. Februari 1872 alimwoa Elizabeth Cobb, na Agosti mwaka huo huo, yeye na wenzake wawili, kwa mtaji usiozidi dola 2,400, walikodi chumba kidogo wakatoa karatasi moja tu ya orodha. Ilikuwa na bidhaa 163 na bei zake. Hakuna picha, hakuna maneno matamu. Mwaka uliofuata biashara nchini Marekani ikaanguka vibaya, na wale wenzake wawili wakajitoa. Aliyeingia kushika mahali pao ni shemeji yake, George Thorne, ambaye alikuwa amemwoa dada yake Elizabeth. Wawili hao ndio walioisimamisha kampuni.

Sasa nije kwenye ile hofu niliyoanza nayo. Mnamo Novemba 1873 gazeti kubwa la mji huo, Chicago Tribune, liliwaonya wakulima wajihadhari na kampuni hiyo, likisema kuwa ni ya matapeli. Na sababu zake? Kwamba bei zao ni ndogo mno zisizoweza kuwa za kweli. Kwamba hawana duka. Kwamba hawana mawakala. Kwamba wamejificha wasionekane na watu, na huwezi kuwafikia ila kwa barua inayotumwa kwenye sanduku la posta. Hili la mwisho linanichekesha kidogo, kwa sababu kwetu sisi kuwa na S.L.P. ni jambo la heshima, na ofisi isiyo nayo ndiyo tunayoitilia shaka. Lakini ukitazama vizuri, gazeti lile lilikuwa likisema yale yale tunayoyasema sisi kuhusu wauzaji wa kwenye simu. Haliwezi kulaumiwa kwa kuogopa. Kosa lake lilikuwa kuandika bila kwenda kuuliza.

Ward hakunyamaza. Gazeti likaenda kuchunguza, na tarehe 24 Desemba 1873 likaomba radhi, likieleza kuwa ni vigumu kuona namna mtu anavyoweza kudhulumiwa kwa utaratibu ule. Utaratibu gani? Mzigo ulipelekwa mpaka stesheni, mnunuzi akaufungua mbele ya karani, akavitazama vitu vyake kimoja kimoja, ndipo akalipa. Asipopendezwa, mzigo ulirudi. Ward hakuliweka kabatini lile tangazo la kuomba radhi. Alilichapisha tena katika karatasi zake mwenyewe ili wateja walisome. Aliyetaka kumwua ndiye aliyemtangaza.

Mwaka 1875 akapiga hatua nyingine. Akaandika kwenye orodha yake kwamba bidhaa zote zina dhamana, na kama mnunuzi akizikagua asiridhike, kampuni itazichukua, italipa gharama zote na itamrudishia fedha zake. Leo tumezoea kusikia maneno kama hayo, na mara nyingi hatuyaamini. Wakati ule yalikuwa kichekesho. Kanuni ya soko tangu zamani ilikuwa mnunuzi afungue macho, akitoka nje ya duka shauri lake.

Ninaomba tuitafakari dhamana hiyo kidogo, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni ukarimu. Katika kila biashara ya kutoonana kuna hasara inayoweza kutokea, na lazima mtu mmoja aibebe. Kabla ya Ward ilibebwa na mnunuzi, yaani yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba. Ward aliichukua akaiweka upande wake mwenyewe. Akishaichukua, mambo mawili yakafuata. Kwanza alilazimika kuamini kwamba watu wengi si wezi, kwamba mkulima wa Iowa hatavaa koti majira yote ya baridi kisha alirudishe. Wengine walifanya hivyo, bila shaka, lakini hawakutosha kumfilisi. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, yeye mwenyewe akawa mkali kwa viwanda. Kila shoka bovu lililorudi lilimlia yeye fedha, kwa hiyo alihakikisha mashoka mabovu hayaingii ghalani. Muuzaji anayekwambia "mali ikishauzwa hairudishwi" hana sababu hata moja ya kukagua anachouza.

Jambo jingine lililomsaidia ni vyama vya wakulima. Mwaka 1867 kulikuwa kumeanzishwa chama kilichoitwa Grange, ambacho wanachama wake walikuwa wakulima waliochoshwa na wenye reli na walanguzi, wakitaka kununua pamoja kwa bei ya jumla, kwa namna ambayo sisi tungeiita ya ushirika. Ward akajitangaza kuwa yeye ndiye duka la wanachama hao. Ilikuwa busara. Mkulima mmoja mmoja asingemwamini mgeni, lakini kama chama chake kimemwamini, naye atajaribu kuagiza pea moja ya soksi. Soksi zikija nzima, mara ya pili ataagiza cherehani.

Karatasi ile ya bidhaa 163 ikawa kijitabu, kijitabu kikawa kitabu. Kufikia mwaka 1883 katalogi ya Ward ilikuwa na kurasa 240 na bidhaa 10,000. Mwaka 1904 zilitumwa nakala milioni 3, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo mbili. Katika nyumba nyingi za shamba vitabu vilikuwa viwili, Biblia na katalogi.

Nao watu wakaandika barua. Hizi ndizo zinazonigusa mimi kuliko hesabu za faida. Mtu hakuandika tu "nileteeni ndoo mbili". Alieleza habari zake. Mteja mmoja aliandika kuomba radhi kwamba hajaagiza kitu tangu msimu wa mavuno, kwa sababu ng'ombe alimpiga teke akamvunja mkono, na mkewe naye akaugua, na deni la daktari likawa kubwa. Fikirini! Anamwomba radhi mwenye duka kwa kutonunua. Wengine waliandika kuomba watafutiwe mke, kwa kuwa katika katalogi hiyo wameona kila kitu isipokuwa huyo. Yule mfanyabiashara aliyetuhumiwa kujificha nyuma ya sanduku la posta alikuwa amegeuka kuwa mtu wa kuandikiwa kama ndugu.

Si kila mtu alifurahi. Wenye maduka wa miji midogo waliona riziki yao inapita juu ya vichwa vyao kwa treni. Wakamwita Ward kwa majina ya kejeli, wakawahimiza watu walete katalogi zao mjini zichomwe moto hadharani. Ninavyoona mimi, watu hao nao walikuwa na hoja. Mwaka wa ukame ni mwenye duka wa mjini aliyekopesha unga. Ndiye aliyelipa kodi ya barabara, na ukifiwa ndiye atakayekuja mazikoni. Ward hakukopesha watu ovyo wala hakuja mazikoni. Lakini mwenye duka yule alipokuwa peke yake alisahau kwamba mteja ana macho, na bei zilipoandikwa kwenye karatasi ya mtu mwingine, siri yake ikafichuka.

Kuna kundi jingine ambalo kwao karatasi hiyo ilikuwa na maana ya pekee. Katika majimbo ya kusini, mtu mweusi akiingia dukani alisubiri mpaka wazungu wote wahudumiwe, hata waliokuja nyuma yake, na mara nyingi akapewa kile kilichobaki kwa bei ya kile kizuri. Barua haina rangi. Anayeagiza kwa posta hulipa bei ile ile iliyochapishwa, akaletewa kitu kile kile. Wenye maduka walilijua hilo, na wako waliojaribu kuwazuia watu hao hata kununua stempu. Waliotajirika kwa kuuza kwa posta hawakuianza kazi hiyo kwa ajili ya kupigania haki za weusi, hilo tusidanganyane. Ila bei iliyoandikwa ilifanya kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia.

Posta nayo ikapanuka. Mwaka 1896 serikali ya Marekani ilianza kupeleka barua mpaka kwenye mashamba ya watu. Sisi wengi wetu mpaka leo tunazifuata wenyewe kwenye sanduku. Lakini vifurushi vilivyozidi pauni 4 posta haikuvipokea, vikabaki mikononi mwa makampuni binafsi yaliyotoza yalivyotaka. Wenye maduka na makampuni hayo walipigana kwa miaka mingi ili hali ibaki hivyo hivyo. Walishindwa. Posta ya vifurushi, hadi pauni 11, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1913.

Wakati huo Ward alikuwa amekwisha kupitwa. Kijana mmoja aliyeanza kwa kuuza saa, Richard Sears, aliingia katika biashara hiyo hiyo kwa maneno matamu zaidi na bei za chini zaidi, na mwaka 1900 mauzo yake yalifika dola milioni 10 wakati ya Ward yalikuwa milioni 8.7. Ward mwenyewe tangu miaka ya 1890 aliwaachia akina Thorne uendeshaji wa kila siku. Wala msidhani kampuni hiyo ilikuwa pepo kwa wafanyakazi wake. Mgogoro wa mafundi nguo wachache waliogoma hapo mwishoni mwa 1904 ulienea mwaka uliofuata kwa waendesha mikokoteni wa Chicago nzima, ukadumu zaidi ya miezi mitatu, na watu 21 wakapoteza maisha. Kampuni iliyojua kumridhisha mnunuzi aliye mbali haikujua kumridhisha mshona nguo aliye ghorofa ya juu.

Ningeweza kuishia hapa, lakini Ward alikuwa na vita vya pili, ambavyo kwangu vinafanana sana na biashara yake.

Ofisi yake ilikuwa Michigan Avenue, ikitazamana na Ziwa Michigan. Mwaka 1890 akichungulia dirishani hakuona ziwa tu. Aliona vibanda, mabanda ya farasi, takataka za mji zikipakiwa kwenye mabehewa, na wakubwa wa manispaa wakipanga kujaza majengo mahali hapo. Sasa, mwaka 1836, Chicago ilipokuwa kijiji, watu waliopima viwanja vyake waliandika kwenye ramani, juu ya kipande hicho cha ufukwe, kwamba ni ardhi ya umma, itabaki wazi milele, bila jengo lolote. Maneno yenyewe ni machache, yameandikwa kwenye karatasi ambayo kila mtu alikuwa ameisahau. Viwanja vya jirani viliuzwa kwa ahadi hiyo. Ward alikuwa na kiwanja cha jirani. Akaenda mahakamani.

Alikwenda kwa miaka 20. Mara nne kesi zake zilifika kwenye mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Illinois, na mara zote nne alishinda. Hukumu ya kwanza ilitoka mwaka 1897. Kila aliposhinda walikuja na jengo jingine lenye jina zuri zaidi: leo bohari la silaha, kesho maktaba, keshokutwa makumbusho. Na hapa ndipo tunapokutana tena na yule Marshall Field. Tajiri huyo, mwajiri wa zamani wa Ward, alifariki mwaka 1906 akaacha dola milioni 8 za kujenga jumba la makumbusho, kwa sharti kwamba kiwanja kipatikane katika muda wa miaka sita. Viongozi wakakitaka kile kile cha ufukweni, ambacho tangu 1901 kiliitwa Grant Park. Ward akasema hapana.

Mnaweza kuona jinsi alivyochukiwa. Makumbusho si danguro wala kiwanda cha pombe. Ni jambo jema, tena la bure. Magazeti yalimwita mkaidi na adui wa maendeleo. Matajiri wenzake walimkwepa. Hata mimi nilipozisoma habari hizi mara ya kwanza nilijiuliza, jamani, mzee huyu alipungukiwa nini kama watoto wa Chicago wangepata mahali pa kutazama mifupa ya wanyama wa kale? Lakini hoja yake ilikuwa rahisi. Ukiruhusu jengo moja jema, huna tena la kumwambia mwenye jengo la pili. Maneno yanasema "jengo lolote", hayakusema "jengo baya". Mwaka 1909 aliliambia Tribune, gazeti lile lile lililowahi kumwita tapeli, kwamba anapigania ufukwe huo kwa ajili ya watu maskini wa Chicago, wala si kwa ajili ya mamilionea, na kwamba kama angejua mwaka 1890 itachukua muda gani kuwahifadhia watu bustani ambayo wenyewe hawaitaki, ana shaka kama angeanza.

Ndiyo maana ninasema vita hivyo na biashara yake ni kitu kimoja. Mtu huyu aliishi kwa maneno yaliyoandikwa. Bei ikishachapishwa, ndiyo hiyo hiyo kwa kila mtu. Dhamana ikishachapishwa, italipwa hata kama inauma. Asingeweza kuwaambia watu milioni tatu "aminini karatasi yangu", halafu akainua macho akaona mji wake unaichana karatasi yake, akakaa kimya.

Alifariki tarehe 7 Desemba 1913, mwaka ule ule vifurushi vilipoanza kufika mashambani kwa posta. Miaka ya 1920 mjane wake, Elizabeth, alikipa Chuo Kikuu cha Northwestern mamilioni ya dola kwa ajili ya kufundisha madaktari wa tiba na wa meno. Makumbusho ya Field yalijengwa kweli, yakafunguliwa mwaka 1921, lakini yaliwekwa kusini, kwenye ardhi iliyojazwa kutoka ziwani nje ya mipaka ya kesi. Kampuni yenyewe ilifungua maduka ya kawaida tangu 1926, ikaacha kutoa katalogi mwaka 1985, na mwishoni mwa Desemba 2000 ikatangaza kwamba inafunga milango. Jina lake lilinunuliwa baadaye na watu wengine, wakaanza nalo kuuza vitu kwa intaneti.

Ufukwe bado uko wazi. Mwaka 2004 Chicago ilipofungua sehemu mpya ya bustani hiyo, iitwayo Millennium Park, wajenzi walitaka kuweka jumba la michezo ya kuigiza na jukwaa kubwa la muziki la chuma king'aavyo. Wanasheria wakafungua majalada ya zamani. Jumba la maigizo ikabidi sehemu yake kubwa ichimbiwe chini ya ardhi, na lile jukwaa, ili lipate kusimama, likaandikishwa kuwa ni kazi ya sanaa na si jengo.